Mguu wa Mzee Komora

Vijana niliowaachia ukumbi waliponiomba niandike kumbukumbu zangu za kazini, swali la kwanza lililonijia lilikuwa: wanataka nini? Mtu mzima hasifiwi bure. Nikafikiri labda kuna kifaa kimepotea stoo na wanatafuta wa kumtwika. Nikaenda kuikagua stoo mwenyewe, nikakuta kila kitu kipo isipokuwa ufagio, na ufagio ulikuwa wangu. Basi naandika. Ya vyeo na mishahara nayaacha, kwa sababu vyeo havikuwa vingi na mshahara wa idara yetu kila mtu anaujua.

Jina langu ni Kadzo, ingawa Garsen nzima huniita Mama Video. Wazazi wangu walitoka upande wa Malindi wakaja huku kwenye delta ya mto kutafuta shamba, nami nikakulia katikati ya Wapokomo wanaolima kando ya mto na Waorma wanaochunga ng'ombe tambarare. Sikuwa wa huku wala wa kule. Naamini ndiyo maana nikapewa kazi ya kutunza ukumbi wa jamii na kuonyesha video. Mtu asiye na upande hushukiwa na pande zote sawasawa, na hiyo nayo ni haki ya aina yake.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Kahindi, aliyekuwa amezunguka na gari la sinema tangu ujana wake na sasa macho yalikuwa yanamtupa. Hakunisalimu sana. Alinipa kopo la petroli ya jenereta akaniambia ninuse. Nikanusa, nikasema ni petroli. Akaniambia ninuse tena. Mara ya pili nikaona kweli inanuka mafuta ya taa, na Mzee Kahindi akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitarajia. Muuzaji alikuwa binamu yake.

"Nusa kwanza," akaniambia. "Ukishamimina, hata ukijua, umejua bure."

Hilo ndilo somo langu kubwa la kazi, na nimelitumia kwa petroli, kwa kanda, kwa wageni na kwa wakubwa. Kanda ya video mkiletewa na mtu, msiitumbukize kwenye deki kwa furaha. Inueni kile kifuniko cha mbele mnuse. Ukungu una harufu ya nguo mbichi, na kanda moja yenye ukungu itawachafulia vichwa vya deki, mshinde mkivipangusa kwa pamba na spiriti wakati watu wanapiga miluzi. Kanda ikilegea, ikazeni kwa kalamu ya biki. Ikikatika, selotepu, lakini kwa upande wa nyuma. Najua sasa mna vidude vidogo vya kuchomeka na mnanicheka. Chekeni. Siku kitakapogoma mtakitazama tu, maana hakina hata mahali pa kuingiza kalamu.

Somo la pili la Mzee Kahindi lilihusu mahali pa kukaa. Alinikataza kukaa nyuma ya watu na kutazama picha pamoja nao. Kiti changu kilikuwa kando ya televisheni, mgongo kwenye picha, uso kwa watu. Kanda nilitakiwa niwe nimeshaitazama peke yangu asubuhi mpaka naijua, halafu mchana naitafsiri kwa kusikiliza sauti tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema picha haitatoroka, watu ndio hutoroka na viti. Nilidhani anatania. Baadaye niliona kwamba mtu anayetazama picha gizani husahau kuuficha uso wake, na kwa miaka yote ile nikawa nazisoma nyuso za Garsen kila Jumamosi mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia.

Vichekesho vya Ayalandi vilinifikia kwa Bi Nora. Alikuwa muuguzi wa kujitolea kutoka huko, mwanamke mrefu, mwekundu wa jua, aliyefanya kazi katika zahanati moja ya mtoni upande wa Ngao. Dada yake alikuwa akimtumia kanda za kipindi kimoja cha televisheni cha kwao, na Bi Nora akaniletea sanduku zima niwaonyeshe watu. Bure. Nilizinusa zote. Zilikuwa safi, na hilo likanitia shaka zaidi. Nilimuuliza anapata faida gani. Akasema anapenda kusikia watu wakicheka vitu vya kwao. Nililiweka jibu hilo pembeni ili nilichunguze baadaye.

Kipindi chenyewe kilihusu kijiji kimoja kidogo kwenye mvua isiyokoma. Palikuwa na kasisi aliyeogopa mbuzi, mwanamke wa posta aliyezijua habari za kila mtu kabla ya mwenyewe, na wazee wawili majirani, wote wajane, walionuniana toka mwanzo wa kanda hadi mwisho. Kimombo chao kilikwenda mbio, na pale kiliponishinda, nilimwuliza Bi Nora mapema. Kazi ngumu haikuwa lugha. Kazi ilikuwa kuwafanya watu wa Garsen waamini kwamba siwadanganyi.

Chukueni jambo la udongo. Watu wa kijiji kile huchimba udongo mweusi kwenye kinamasi, wakaukausha, wakauchoma jikoni badala ya kuni. Nilipolisema hilo ukumbi ulinuna. Mzee Komora, mkulima wa Kipokomo mwenye shamba la mahindi na migomba karibu na mto, alisimama akaniambia kwa heshima kwamba yeye ameishi na udongo maisha yake yote na haujawahi kushika moto. Mkewe, Mama Buya, akamvuta shati akae. Waorma nao walikuja na malalamiko yao. Mzee Guyo, aliyekuwa na kundi kubwa la ng'ombe, hakujali hadithi hata kidogo. Alitazama ng'ombe waliopita nyuma ya waigizaji. Alitaka kujua ni mjinga gani anayekimbiza ng'ombe mwenye mimba mbele ya kamera, na kwa nini majani ni mengi vile na mifugo ni michache. Kuna kitu mnatuficha, akasema.

Halafu ilikuwepo baa. Kijiji kizima, na kasisi wao, walikaa baa. Nusu ya watazamaji wangu ni Waislamu wenye kuheshimika, na nilitaka waendelee kuja na wake zao, kwa hiyo vile vinywaji vyeusi vyenye povu nikaviita chai. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yule wa posta alipoanguka kutoka kwenye kigoda.

"Mama Video," Mzee Guyo akaniita toka nyuma kwa Kiswahili chake cha malishoni, "hii chai gani? Mtu nakunywa, halafu naanguka?"

Nikasema ni chai ya baridi kali. Tangu siku ile akawa ananiletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, ninywe mbele yake, ili nijue kinywaji cha heshima ni kipi. Nami kila mara nilinusa kwanza. Alikuwa akicheka sana nikifanya hivyo. Nilimpenda yule mzee, na kibuyu chake kilikuwa malipo pekee ya kazi ile ambayo sikuyashuku kwa muda mrefu.

Kisha yakaja mafuriko ya El Niño. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa, na ambao hawakuwepo hawataamini. Maji yalipoondoka yalikuwa yamekula kingo za mto na kufuta alama zote, na katika zilizofutika kulikuwa na malka yetu. Malka, kwa mgeni anayesoma hapa, ni njia iliyoachwa katikati ya mashamba ili mifugo ya Waorma ipite ikanywe mtoni. Bila malka ng'ombe hawafiki kwenye maji isipokuwa kwa kukanyaga mahindi ya mtu. Wakikanyaga mahindi, panga hutoka. Panga likitoka, mkuki nao hutoka. Watu wamezikwa kwa ajili ya malka huku kwetu.

Wazee wa pande zote mbili walikaa wakapima njia mpya, wakachomeka vigingi vilivyopakwa chokaa. Upande mmoja wa njia palikuwa na shamba la Mzee Komora. Upande wa pili paliachwa mahali pa kupumzishia ng'ombe, na wa kwanza kupumzisha alikuwa Mzee Guyo. Mwanzoni vigingi vilikaa. Kiangazi kilipokaza, vikaanza kutembea. Juma hili malka imekuwa nyembamba, juma lijalo imekuwa pana na inapita juu ya migomba ya Komora. Komora akaapa mbele ya gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, kwamba hajagusa kigingi na kwamba Guyo ndiye mwizi. Guyo akaapa mbele ya wazee wake vivyo hivyo, jina tu likabadilika. Vijana wa pande zote wakaanza kulala malkani usiku, hawa na mapanga na wale na mikuki, wakitazamana. Vigingi vikaendelea kutembea.

Hapo ndipo Bwana DO, mkuu wa tarafa, alipopoteza subira. Alitangaza kwamba wazee wasipopatana kufikia siku ya soko, ataifunga malka mpaka wapimaji waje kutoka mbali. Kila mtu alijua maana yake. Ng'ombe wangeenda kutafuta malka nyingine jua likiwa kali, wengine wangekufa njiani, na wenye ng'ombe wasingekubali kuwaangalia wakifa huku mto unaonekana. Niliogopa. Nilikuwa na mwanangu na nilikuwa na nyumba ya makuti, na nyumba ya makuti haina upande inapowaka.

Siku hizo nilishuku kila mtu. Nilimshuku Komora, nilimshuku Guyo, niliwashuku wafanyabiashara wa mifugo, nikafikia kumshuku DO mwenyewe. Niliona hata mambo yasiyonihusu. Kwa mfano, Mzee Komora alikuwa ameanza kuumwa mguu. Lakini ulikuwa mguu wa ajabu: siku nyingine alichechemea hadi ukamwonea huruma, siku nyingine alitembea kama kijana aendaye kuposa. Mkewe alimpeleka kwa Bi Nora, naye Bi Nora akaukanda, akaubonyeza, asione kitu. Mimi nikasema labda ni baridi yabisi. Shaka zangu zote zile, na mguu nikaupa udhuru.

Jumamosi kabla ya siku ya soko nilifikiria kufunga ukumbi. Mzee Kahindi, ambaye alikuwa ameshastaafu lakini bado akija kukagua kama nanusa petroli, alinikataza. Alisema watu wakikosa pa kukaa pamoja gizani wakiwa hawana silaha, watakaa pamoja gizani wakiwa nazo. Basi mlangoni tukaweka pipa, kila mwenye fimbo, panga au mkuki akatia humo. Wapokomo wakakaa kulia, Waorma kushoto, katikati njia tupu. Niliitazama njia ile nikaona malka.

Kanda ya siku hiyo nilikuwa nimeitazama asubuhi, nayo ilinipa mashaka, lakini sikuwa na nyingine ambayo hawajaiona. Ilihusu wale wazee wawili wajane na kinamasi cha udongo wa kuchoma. Kati ya kipande cha huyu na cha yule palikuwa na mti uliochomekwa kuwa mpaka, na mti ule ulikuwa ukihama. Nilitafsiri nikiwa nimeupa mgongo, kama kawaida. Nikasikia kwenye kanda mlango ukifunguliwa na viatu vikiburutwa, nikajua sasa mzee wa kwanza anatoka nyumbani akichechemea, mguu mmoja umekakamaa kama ufito. Wanakijiji wanampa pole, kasisi anauombea mguu. Hakuna anayejua kwa nini anachechemea. Ni baadaye kabisa, akishafika kinamasini, ndipo anapovuta ule mti kutoka ndani ya suruali yake, na hapo ndipo pa kucheka.

Lakini kule kulia Mzee Komora alikuwa ameshaanza kucheka.

Mzee wa watu alikuwa ameziba mdomo kwa kofia, mabega yanaruka. Mti haujatoka. Kasisi ndiyo kwanza anaomba. Wengine wote walikuwa na nyuso za huruma, hata akina mama walikuwa wakinong'ona pole. Nikageuza macho upande wa kushoto ili nione kama kuna mwingine aliyemwona, na huko nikamkuta Mzee Guyo, kichwa ameinamisha kati ya magoti, analia kwa kicheko.

Kwa maisha yangu yote sijapata kuona kitu kama kile. Wazee wawili, pande mbili za ukumbi, wakicheka kichekesho ambacho hakijafika.

Kikafika. Mti ukatoka ndani ya suruali na ukumbi wote ukapasuka. Kisha mzee wa pili naye akatokea kule mbele akichechemea, mguu uleule, wakakutana njiani wakapeana pole. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Halafu kicheko kikaanza kupungua, taratibu, kutoka upande wa akina mama, na katika ukimya ule Mama Buya akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia.

"Baba Buya," akasema, "na mguu wako leo unasemaje?"

Mzee Komora akaacha kucheka. Akatazama kushoto, na kwa kuwa nyani haoni kundule, akanyoosha kidole. "Na huyu Guyo je? Muulizeni alicheka nini kabla!"

Nikaizima deki. Baadaye yote yalijulikana. Usiku vijana walilinda, kwa hiyo wazee wale walifanya kazi yao mchana, saa za jua kali, wakati hakuna wa kulinda, maana nani huiba kigingi mchana? Komora alikichomoa, akakitia ndani ya kikoi, akavuka akichechemea, akachutama kama mwenye haja, akakichomeka anapopataka yeye. Guyo alikificha ndani ya shuka akaegemea fimbo, na mzee akichechemea na fimbo hakuna amtazamaye mara mbili. Kila mmoja alimjua mwenzake, na kila mmoja moyoni alijiona anarudisha tu kilichoibwa, na nyongeza kidogo ya usumbufu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule vijana walikuwa wakitazama pipa la mlangoni. Wazee wao walikuwa wameapa uongo, na wao walikuwa wamelala na mbu na silaha kwa ajili ya uongo huo. Aibu ya namna hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye ngumi. Niliona Guyo akitafuta pa kuiweka aibu yake, na Komora vilevile. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, wakatazamana. Na baada ya kutazamana, wote wawili wakanitazama mimi.

"Mama Video," akasema Mzee Guyo polepole, "nani alikwambia?"

Nikasema hakuna aliyeniambia, hiki ni kipindi cha Ayalandi. Komora akauliza inakuwaje watu wa Ayalandi wajue habari ya kigingi na mguu. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Bi Nora aliukanda mguu ule. Mwingine akakumbusha kwamba Bi Nora huandikiana na dada yake. Lisemwalo lipo, akasema wa tatu, na kabla sijameza mate ilikuwa imeshathibitika: tulimpeleleza mzee wa Kipokomo na mzee wa Kiorma, tukapeleka habari ng'ambo, wakaigizwa ili wazungu wawacheke. Nilionyesha mwaka ulioandikwa kwenye lebo ya kanda, kabla ya mafuriko. Komora akasema mwaka ni wino tu, hata yeye anaweza kuandika.

Ningeweza kuendelea kubisha. Bi Nora angekuja, angeleta kanda nyingine, tungewashinda. Lakini nilikuwa nimekaa mahali pangu, uso kwa watu, na nikaona kitu. Wapokomo walikuwa wamevuka ile njia ya katikati ili waje wanishutumu vizuri, na Waorma nao. Mzee Komora na Mzee Guyo walikuwa wamesimama bega kwa bega. Nikafunga mdomo.

Wazee walikaa palepale kwenye viti vyangu kunijadili, gasa na wazee wa Kiorma kikao kimoja. Na walipokuwa wamekaa, wakaona wamalize na hili la malka, kwa kuwa hawakutaka kuwapa wapelelezi habari nyingine. Vigingi vikaondolewa, vikawekwa mapipa ya lami yaliyojazwa zege, kwa sababu hakuna kikoi kinachoweza kubeba pipa. DO alifika siku ya soko akakuta kazi imekwisha, akajipongeza. Vijana wakachukua silaha zao pipani wakaenda nyumbani kulala. Ng'ombe wa Guyo wakashuka mtoni, nami nikasikia kengele zao nikiwa stoo nafunga kanda za Bi Nora kwenye sanduku.

Maana azimio la mwisho lilikuwa mimi nisionyeshe tena. Idara ilinipeleka Hola kutunza ghala, nikakaa huko miaka kabla ya kurudishwa. Bi Nora naye wagonjwa walianza kumficha maradhi yao, wakiogopa kuyaona kwenye televisheni, na mkataba wake ulipokwisha akaenda. Iliniuma. Nasema wazi kwamba nililia, na lililoniliza zaidi si ghala. Ni kwamba Mzee Guyo alipita mlangoni mwangu na kibuyu siku niliyokuwa nikipakia mizigo, akapita tu.

Mwezi uliopita, baada ya vijana kuniagia kwa sherehe ya soda nilipostaafu, nilikuta mtu ameketi nje ya nyumba yangu. Amezeeka sana, na sasa anachechemea kweli. Alisema Komora alizikwa mwaka juzi, hawezi kukasirika tena. Akasogea karibu.

"Sasa serikali nakuacha, hakuna mtu naweza kukufukuza kazi. Niambie. Nani alikwambia?"

"Hakuna, Mzee," nikasema. "Wallahi hakuna."

Akatabasamu, meno yamebaki machache. Alisema Komora alimwambia kabla ya kufa kwamba sitamtaja aliyeniambia hata nikifa, na kwamba mwanamke anayeweza kubeba siri ya mwenzake miaka yote hiyo, wakamfukuza na asimtaje, walikosea kumfukuza. Walikuwa wamekubaliana, wote wawili, kwamba atakayebaki aje aniambie hivyo.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Halafu akatoa kibuyu chini ya shuka, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasubiri.

Nikanusa kwanza. Mzee Guyo akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikanywa yote.